Koti la Otmari

Kiti kilipomwambia Bibi Ludgera kwamba mwanawe wa kwanza hakufa bali alibadilishwa kwa kibuyu cha ulanzi, Bibi alianza kwa kucheka. Alikuwa amezoea kucheka. Tangu marehemu mumewe arudishwe pale sebuleni, nyumba ile ilikuwa na vicheko ambavyo haikuwahi kuvisikia mzee mwenyewe alipokuwa hai. Kisha kicheko kikakatika.

"Umesemaje wewe?"

"Nimesema nilimwacha kwa Wahehe, Mama," Kiti kilirudia, kwa sauti ileile nzito yenye mkwaruzo mwishoni. "Kibuyu kimoja cha pombe ya mianzi, biashara ikaisha. Na chenyewe nilikinywa nusu kabla sijafika Makambako. Haya, nipe kuku wangu niende zangu."

Kasiana, mjukuu wake, alikuwa dirishani akifuta vumbi kwenye kioo cha jua kinachokilisha Kiti umeme. Kitambaa kilimponyoka.

"Mke mwenza," Bibi alimwita bila kugeuza shingo, "umemsikia mume wetu?"

"Nimemsikia, Bibi."

"Amelewa?"

"Viti havilewi."

"Basi ana nini?"

Kasiana hakujua, na kutojua huko kulimuuma kuliko kungemuuma mtu mwingine, kwa sababu Kiti kile, mashine iliyoongea kwa sauti ya babu yake, alikitengeneza yeye mwenyewe. Ndiyo kazi iliyompa jina mjini Songea. Kwenye mlango wa Nyumba ya Nasaba, alikofanya kazi, yeye na wenzake waliandikwa kuwa ni mafundi sauti, lakini mitaani waliitwa wafufuaji, na hakuna harusi wala kikao cha ukoo kilichofanyika siku hizo bila babu wa pande zote mbili kuletwa, kuwashwa na kusalimiwa. Watu walikuwa wamechoka kusema "laiti wazee wangekuwepo". Sasa wazee walikuwepo, tena wengine walikuwa na maneno mengi kupita kiasi.

Bibi Ludgera hakutaka Kiti kwa ajili ya harusi. Alikitaka kwa swali moja. Zamani sana, mumewe Otmari Mbano alikwenda Mufindi kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai, akamchukua mtoto wao Geroldi, kitoto cha miaka sita ambacho hakikukubali kuachwa nyuma na baba yake. Otmari alirudi peke yake. Alisema homa ilimchukua mtoto na wamemzika huko. Huko wapi? Huko. Bibi aliuliza akiwa kijana, akauliza akiwa mtu mzima, akaja akazaa watoto wengine, mama yake Kasiana akiwa mmoja wao, na kila alipouliza aliambiwa huko, mpaka Otmari akafa na huko yake. Sasa daktari alikuwa amemwambia Bibi kwamba moyo wake umechoka na hakuna dawa ya kuupumzisha. Alichotaka ni udongo wa kaburi la mwanawe, awekewe mkononi siku atakapozikwa. Asiyemzika mwanawe kwa mkono wake hujitahidi walau wazikwe na udongo mmoja.

Majuma yote aliyokaa na Kiti alikuwa akiliogopa swali hilo. Aliuliza habari za mbuzi, za mvua, za vichekesho vya jandoni. Siku hiyo, baada ya chakula cha mchana, alijikaza akauliza. Na hilo ndilo jibu alilopewa.

"Kuna kitu kingine," Bibi alisema, akikunja upindo wa kanga. "Maisha yake yote aliniita 'we Luda'. Huyu ananiita Mama. Mwanzoni nilidhani kifo kimemtia adabu."

---

Asubuhi yake Kasiana alikifungua Kiti kwenye meza ya karakana.

Kiti hakina roho, ingawa wenye nyumba hukiamkia. Fundi hukusanya mabaki ya marehemu: sauti zilizonaswa kwenye simu, picha, barua, masimulizi ya ndugu. Katika mabaki hayo mashine huchagua yenyewe rekodi moja iliyo ndefu na safi kuliko zote, nayo huitwa kiini. Kwenye kiini ndipo koo la marehemu hujengwa, pamoja na mwendo wa maneno yake na mizaha yake. Yote mengine hushonewa juu yake kama viraka. Mwisho hufanywa kipimo cha damu. Koo jipya hulinganishwa na makoo ya ndugu walio hai, maana sauti hurithiwa kama pua, na likiwa la ukoo huo taa ya kijani huwaka. Taa ya Otmari iliwaka kijani bila hata kusitasita.

Sheria ya faragha inamkataza fundi kufungua picha za familia ila kukiwa na sababu, na fundi anayehudumia familia yake mwenyewe hukatazwa mara mbili. Kwa hiyo Kasiana hakuwahi kuitazama rekodi iliyogeuka kuwa kiini. Alijua jina lake tu, ambalo mama yake aliliandika kwenye simu miaka thelathini iliyopita: Baba akiongea. Otmari alikuwa mtu wa kuikimbia simu kama nyuki. Walipopata rekodi moja ndefu hivyo, nyumba nzima ilishangilia.

Sasa sababu ilikuwepo. Akaifungua.

Mwanamume aliyevaa koti zito la kijivu na kofia iliyomfunika hadi kwenye nyusi alikuwa akichechemea uwanjani, akiburuta mguu wa kushoto. Kasiana alilijua koti hilo kwa picha, na kuchechemea huko alikusikia kwenye hadithi. Watu walikuwa wakicheka mpaka wanashikana mabega. "Nilimwacha kwa Wahehe!" mtu yule alisema. "Kibuyu kimoja cha ulanzi! Mama, nipe kuku wangu niende zangu!" Mwanamke wa makamo akatokea na kuku, akamkabidhi huku anafuta machozi na kucheka kwa pamoja. Alikuwa Bibi Ludgera. Nyuma yao, juu ya mikeka, palikuwa na jeneza.

Kasiana aliirudisha nyuma, akaitazama tena. Akamwita msimamizi wake, Bwana Tawete.

"Mbona ni yeye," Tawete alisema. "Koti lake, mguu wake. Tatizo nini?"

"Yeye yumo ndani ya jeneza hilo, bosi."

Tawete aliinama karibu na kioo. Alikulia Dar es Salaam, kwenye misiba inayoendeshwa na kampuni, yenye viti vya kukodi na mtu wa kulia kwa ratiba. "Sasa huyu anayeongea ni nani?"

"Mtani."

Ikabidi amweleze kama anamweleza mgeni, kwamba Wangoni na Wahehe walipigana zamani mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Kwamba zamani Mngoni akifa, Mhehe huja kuzika na kusumbua. Hujilaza mlangoni jeneza lisipite, hudai kuku, huvaa nguo za marehemu akaigiza mwendo wake na sauti yake, akazitangaza siri zake mbele ya mjane, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Waliotengeneza mashine walifikiria kila aina ya ulaghai. Hawakufikiria kwamba kuna watu ambao marehemu wao huongea sana siku ya kuzikwa.

"Basi kiini ni cha mtu mwingine," Tawete alisema. "Unaijua kanuni. Kifutwe."

"Na kipimo cha damu?"

"Kipimo hakidanganyi."

"Sasa Mhehe amepitaje kwenye kipimo cha kina Mbano?"

Tawete aliirudisha rekodi mwanzo. Kasiana alimwonea huruma, kwa kuwa kichwani mwake mwenyewe mambo yalikuwa yamevurugika vivyo hivyo. Kama mashine ilikosea, kwa nini taa iliwaka kijani? Kama haikukosea, babu yake alichechemeaje mbele ya jeneza lake? Na yale maneno ya ulanzi yalikuwa mzaha, au yalikuwa jambo ambalo mtu alipata nafasi moja tu ya kulisema, akalivika mzaha ili lipite? Alipotazama rekodi kwa mara nyingine alisikia waombolezaji wakipiga kelele, "Kikoti wee! Mhehe wewe, tuachie mzee wetu!" Jina hilo alilijua. Kikoti wa Mafinga, rafiki wa babu wa siku za chai.

"Nipe ruhusa niende Mafinga," alisema.

"Nenda. Lakini ukirudi, kifutwe."

---

Treni ya umeme ilimshusha Mafinga kabla ya jua kukaza. Nyumba ya Kikoti haikuhitaji kuulizwa sana. Mwenye mianzi mingi kuliko wote, walisema, yule Mngoni.

"Namtafuta Mhehe," Kasiana aliwasahihisha.

"Huyohuyo. Sisi tunamwita Mngoni."

Alimkuta mzee akikata ncha za mianzi michanga na kuifunga vikombe vya kukingia ulanzi. Alikuwa na mgongo mpana na miguu mizima yote miwili. Kasiana alimwamkia. Mzee hakugeuka.

"Marahaba. Unanuka Ruvuma. Mmekuja kurudisha ng'ombe mlioiba wakati wa vita, au mmekuja kukimbia tena?"

Kasiana alipaswa kujibu kwa tusi, ndivyo mtani anavyoamkiwa, lakini alishika mwanzi uliokuwa karibu. Sauti ilikuwa ile ile. Mkwaruzo wa mwishoni ulikuwa ule ule. Alikuwa ameirudisha sauti hiyo sebuleni Songea, imezimwa na kufunikwa kitambaa, na sasa ilikuwa inamtania juu ya ng'ombe.

"Mimi ni mjukuu wa Otmari Mbano," alisema.

Kisu kilisimama kwenye mwanzi. Mzee aligeuka na kumtazama usoni kwa muda mrefu, akianzia paji la uso na kuishia kidevuni.

"Kwa mtoto wake yupi?"

"Anasta. Binti yake mkubwa."

"Binti mkubwa," mzee alirudia. "Simjui. Alizaliwa mimi nikiwa nimeshaondoka."

Walikaa kwenye gogo. Kasiana alimweleza juu ya Kiti, akijichanganya, akianza katikati na kurudi mwanzo, na mzee alisikiliza bila kuuliza jambo. Alipofika kwenye taa ya kijani, mzee alicheka kidogo kupitia puani.

"Kwa hiyo chuma kimenitambua."

"Wewe ni Geroldi."

"Nilikuwa. Niliumwa homa kweli, hilo hakudanganya. Alinileta hapa kwa Baba Kikoti, akanilaza, akasema anakwenda kutafuta dawa. Nilipopona nikakaa njiani kumsubiri. Nilisubiri mpaka Kihehe kikanikaa mdomoni. Baba Kikoti alinilea vizuri, usifikiri vibaya. Hakunificha jina langu, ila hakuna siku aliyonipeleka. Nadhani na yeye alikuwa anasubiri."

"Kwa nini babu hakurudi?"

"Unaniuliza mimi?" Mzee aliuliza kwa ukali wa ghafla. "Habari ya msiba ilipofika, Baba Kikoti alikuwa amezeeka, hawezi safari. Aliniambia, nenda kamzike mtani wetu. Hakusema baba yako. Lakini alilia. Nikaenda, na wakanipa koti. Nilidhani nikilivaa, nikachechemea kama yeye, nikaongea kama yeye, jibu litanitoka lenyewe mdomoni. Nikafungua mdomo, ukatoka ulanzi. Watu wakacheka."

Kasiana aliwaza juu ya Kiti, jinsi Bibi alivyokiuliza na kikamjibu. Kumbe kilichokuwa kikijibu nacho kilikuwa kinauliza.

"Bibi yuko hai," alisema mwishowe. "Twende Songea."

"Sitaki."

"Mjomba..."

"Nimesema sitaki! Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba mwanawe aliachwa kwa Wahehe. Nilisimama mbele yake namna hii, kama wewe ulivyo. Alinitazama vizuri, mwanangu. Akacheka, akanipa kuku. Yule kuku nilimla barabarani huku nalia."

"Ulikuwa umevaa kofia mpaka kwenye nyusi. Ulikuwa mumewe. Kila mtu alimwona mumewe."

"Nami nilikuwa mwanawe. Mama hajui?"

Kasiana alitafuta jibu ambalo halingemwonea mmoja kati ya hao wawili, akaishia kusema ukweli uliobaki, kwamba Bibi anakaribia kufa na anatafuta udongo wa kaburi la mwanawe wazikwe pamoja.

Mzee alimkodolea macho. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha watani, cha kupiga mapaja, kikaendelea hata pale kilipokoma kuwa kicheko. Aliinama, akachimbua kwa kisu chini ya miguu yake mwenyewe, kwenye shina la mwanzi, akajaza udongo kwenye leso aliyoitoa mfukoni, akaifunga fundo.

"Mpelekee," alisema. "Mwambie unatoka kwa Geroldi. Si uongo."

---

Njia nzima Kasiana alipakata leso ile. Ilikuwa nzito kuliko ilivyofaa, au mkono wake ulikuwa umechoka. Kila kituo alibadili mawazo. Akitoa udongo akanyamaza, Bibi atakufa ameridhika, na Kiti atakizima taratibu, atasema kimeharibika, na hakuna atakayeumia. Akisema, atamwambia mama mgonjwa kwamba mumewe alimtupa mtoto, kwamba mtoto alikuja na yeye akamcheka, na kwamba sauti iliyomfurahisha majuma yote haya haikuwa ya mume. Moyo wenyewe daktari alishasema umechoka. Lakini kunyamaza ndiko alikofanya babu. Huko, huko, mpaka akafa nayo. Kasiana alimkasirikia babu yake waziwazi kwa mara ya kwanza maishani, halafu akakumbuka kwamba hata sababu yake haijui, na hasira nayo ikakosa pa kukaa.

Alipofika, alikuta Bibi amekiondoa kitambaa na kukiwasha Kiti mwenyewe. Walikuwa wakizungumzia mvua.

Kasiana aliiweka leso mapajani mwa Bibi. Alikuwa ameshaamua kunyamaza. Angalau alipokuwa akivuka kizingiti alikuwa ameamua hivyo.

Bibi alifungua fundo polepole. Alitia vidole, akausikia udongo ulivyo mbichi, akaunusa. "Geroldi," alisema. "Mwanangu. Ahsante, mke mwenza. Mungu akuzeeshe." Kisha, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa desturi, na udongo wa kaburi haumegwi na yeyote tu, aliuliza swali ambalo Kasiana hakulitarajia.

"Ameuchimba nani? Wamemtoa mtu wa ukoo, au wamemweka mtani?"

Kasiana angeweza kusema mtani. Wala usingekuwa uongo.

"Ameuchimba mwenyewe, Bibi."

"Mwenyewe nani?"

"Geroldi."

Baada ya hapo hakuna kilichozuilika. Aliyasema yote bila mpangilio, homa, mianzi, koti, kofia, taa ya kijani, na Bibi alimsikiliza kwa uso wa mtu anayeamshwa na kuambiwa habari kabla hajajua yuko chumba gani. Aliuliza jambo moja mara mbili, kisha mara ya tatu.

"Yule niliyempa kuku?"

"Ndiye."

"Alikuwa anacheka. Sisi sote tulikuwa tunacheka."

"Ndiyo, Bibi."

"Na huyu?" Alinyoosha kidole kuelekea Kiti. "Huyu ninayekaa naye hapa?"

"Ni sauti yake. Ya siku ile. Natakiwa kuifuta."

Bibi Ludgera alikuwa ameufumbata udongo kwa mikono yote miwili, na pumzi yake ilikuja kwa shida kiasi kwamba Kasiana alipiga magoti mbele yake, akijilaani. Kiti, ambacho kimetengenezwa kutopenda ukimya mrefu, kikasema neno lake la kawaida.

"Mama, mbona kimya?"

Kasiana aliruka kukizima. Bibi alimdaka mkono, kwa nguvu ambazo hakujua bado anazo.

"Kiache."

"Bibi, si babu. Hakitakuambia chochote."

"Najua si babu yako. Kesho utanipandisha treni." Alikisogelea Kiti, akainamisha kichwa na kutega sikio, akiwa amefumba macho. "Mara ya kwanza sikumtambua. Nyamaza kidogo, nijifunze sauti ya mwanangu."